Mkamua Sumu wa Nguzo-Mia

Katika mji mzima wa Nguzo-Mia, wenye watu elfu mbili na ushei, wote wafanyakazi wa Shirika la mwani, alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua kuumwa, naye alikuwa Siwatu binti Faki, mkamua sumu.

Wengine wote walikuwa na kitulizi kisogoni. Kilikuwa kichupa kidogo kama punje ya kunde, kilichopachikwa chini ya ngozi siku ya kwanza ya kazi na kujazwa kila mwezi. Kilidondosha dawa kwenye uti wa mgongo, tone baada ya tone, na mwili ukanyamaza. Mkata mwani aliyejikata aliona damu kwanza ndipo akajua. Jino lililooza lilijulikana kwa harufu. Siwatu peke yake ndiye aliyejigonga kidole cha mguu kwenye ngazi za chuma akaruka kwa mguu mmoja, huku watu wakimkodolea macho kama wanaotazama ngoma.

Dawa yenyewe ilitoka kwa wadunga. Mdunga ni konokono wa baharini, gamba lake limechongoka kama pia, lina mabaka ya kahawia na meupe yanayopendeza hata mgeni akatamani kumtia mfukoni. Ole wake akimtia. Mdunga hula samaki, naye ni mzito, hana mbio; basi Mungu kampa jino mfano wa chusa, jembamba kama unywele, na sumu ya kulitilia.

Asubuhi ile Siwatu alikuwa ameinama juu ya tangi la tisa. Mkono mmoja kashika koleo refu, wa pili kashika bomba la kioo lililofungwa mdomo kwa mpira mwembamba, na juu ya mpira kaweka kipande cha pezi la dagaa. Mdunga alikuwa amejizika mchangani. Alinusa. Mkonga wake mwekundu ukachomoza, ukanyooka, ukapapasa pezi taratibu. Kisha tap! Jino likapenya mpira, na tone moja jeupe kama maji ya mchele likabaki ndani ya bomba.

"Ahsante, bwana mkubwa," Siwatu alimwambia, kama alivyowaambia wote mia nne na kumi na wanane.

Kazi ile haikutaka nguvu, ilitaka utulivu. Mdunga ana sumu mbili. Akiwinda hutoa ile inayolegeza, ambayo ndani yake mna dawa. Akitishwa hutoa nyingine, ya kujihami, isiyo na dawa hata chembe, na hiyo huzima pumzi ya mtu mzima kabla hajafika mlangoni. Sumu zote mbili hutoka kwa jino lile lile. Mashine tatu zilikwisha kuletwa zimrithi Siwatu, na zote tatu ziliwatisha wadunga wakatoa sumu ya kujihami kwa muda wa mwezi mzima. Shirika likazirudisha, Siwatu akabaki.

"Dada, nimekuja kukaa kidogo. Miguu inakataa."

Alikuwa Zamzam, mdogo wake, mkata mwani wa zamu ya alfajiri. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Mumewe, Vuai, alikuwa kwenye meli ya utafiti, hata salamu zake zilichukua siku mbili kufika. Alijitupa juu ya kreti, akajipepea kwa mtandio.

"Una nini?" Siwatu aliuliza bila kugeuka.

"Nina uchovu tu. Siumwi mahali." Akacheka. "Nitaumwa na nini, dada, mimi si wewe."

Siwatu akageuka. Midomo ya Zamzam ilikuwa myeupe kama karatasi. Akaweka chini bomba, akamwekea mkono tumboni, na tumbo lilikuwa limekakamaa kama ubao wa meza.

"Mtoto amecheza leo?"

"Jana. Labda amelala."

"Umepita langoni?"

"Nimepita, limewaka kijani."

Lango lilikuwa mlango wa mashine ambao kila mfanyakazi aliupita aingiapo na atokapo, nalo lilimpekua mwili mzima likitafuta majeraha. Shirika lilipenda kusema kwamba lango huona kuliko maumivu. Na kweli liliona kila mchubuko. Lakini liliona ngozi tu.

Siwatu hakungoja kitanda cha magurudumu. Alimbeba mdogo wake mgongoni, mimba na yote, akapanda naye ngazi arobaini na tatu hadi zahanati.

* * *

Daktari Hidaya alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku ile aliyapunguza zaidi. Alitoka chumba cha upasuaji saa nane mchana akavua kofia.

"Kondo la nyuma lilibanduka," alisema. "Tangu alfajiri, nadhani. Damu ilikuwa inajikusanya ndani, haikupata njia ya kutoka. Zamzam atapona. Mtoto nimemkuta ameshakwenda."

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

Siwatu aliegemea ukuta. Akauliza swali ambalo jibu lake alikwisha kulijua. "Mtu mwingine, huko bara, kondo likimbanduka, anajuaje?"

"Kwa uchungu," alisema daktari. "Hauvumiliki. Angepiga kelele hizo nguzo zote mia zikasikia, nasi tungewahi." Akatazama mlangoni kabla ya kuongeza, "Huyu ni wa tatu mwaka huu. Nimeandika ripoti tatu."

"Kitoe kitulizi chake."

"Siwezi bila kibali cha Mkurugenzi. Wananiondoa, Siwatu, halafu mnabaki bila daktari."

Mkurugenzi Lwitiko alikuja mwenyewe jioni, bila msaidizi, kashika kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtia Siwatu tabu. Alijua majina ya watu. Alipokea mkono wa Siwatu kwa mikono miwili.

"Poleni sana. Mungu awape subira."

"Ahsante. Ninaomba kibali cha kutoa kitulizi cha Zamzam. Na cha kila mwanamke mwenye mimba."

Lwitiko akakaa kwenye benchi. "Nikimtolea mmoja, kesho watakuja mia. Wakianza kuumwa hawatakata mwani, na mwani huu ndio unga wa nusu ya nchi. Unajua hilo." Akaweka kofia gotini. "Nikwambie jambo. Mama yangu alikufa kwa saratani ya mifupa, Kyela, nikiwa na miaka kumi na moja. Sauti yake ilikwisha kabla ya maumivu kwisha. Akabaki anafungua mdomo tu. Niliapa, nikiwa na uwezo, hakuna mtu nitakayemsimamia ataumwa namna ile. Mimi mwenyewe ninacho, tazama." Akainamisha kichwa, akamwonyesha kovu dogo kisogoni.

"Mbona mimi hamkunitia?"

"Wewe kazi yako ni nyingine. Mkamuaji akidungwa ni lazima ajue hapo hapo, afungwe mkono, awekwe..." Akakoma.

"Kumbe unajua," alisema Siwatu. "Unajua maumivu yana kazi. Mkanibakizia mimi, ili msipoteze mkamuaji."

Uso wa Lwitiko ukajikunja, lakini sauti haikupanda. "Unataka kugoma. Naliona jichoni mwako. Basi fahamu kwamba wodi ya saratani ng'ambo ya daraja ina vitanda arobaini, na dawa yao inatoka pipa moja na ya mji huu. Siigawi. Wote au hakuna. Shangazi yako yuko kitanda cha ngapi?"

"Cha kumi na saba."

"Basi kabla hujagoma, nenda ukamwambie yeye kwanza."

* * *

Alikwenda kesho yake. Daraja la kwenda bara lilikuwa na urefu wa mwendo wa nusu saa kwa miguu, na Siwatu alilitembea lote akitunga maneno, akayapoteza yote alipofika mlangoni.

Bi Time, shangazi yake, zamani aliendesha winchi bandarini, na bado alikuwa na sauti ya mtu anayeongea juu ya kelele za injini. Alikuwa ameketi kitandani, mwembamba kama ufito, anakoroga uji kwa chuki.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Uji huu kaupika nani, seremala?"

Siwatu alimweleza habari zote, mtoto, lango, Mkurugenzi na pipa moja. Alieleza bila kupamba. Bi Time aliacha kukoroga.

"Kwa hiyo umekuja kunitaka ruhusa ya kunichoma moto."

"Shangazi..."

"Usiniite shangazi! Unajua ilivyokuwa kabla ya hii dawa? Nilikuwa nauma mto nisipige kelele. Nimeutafuna mto, Siwatu, mpaka pamba ikatoka. Nilimwomba Mungu aniue, na mimi si mtu wa kuomba ovyo." Akatua kikombe kwa kishindo. "Dawa hii niliiomba. Niliiomba kwa mdomo huu huu mbele ya daktari, mara tatu, nikatia dole gumba. Leo uninyang'anye kwa sababu ya watu waliotiwa bila kuulizwa? Mimi nina kosa gani?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuza nyuso ukutani, kwa adabu au kwa hofu.

"Bila kuulizwa," Siwatu alirudia, taratibu, kama anayeonja neno.

"Ndiyo. Kwani waliulizwa?"

"Hapana. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi za kazi. Asiyetaka hakuajiriwa."

"Basi hao kawaulize hao," alisema Bi Time, "na mimi uniachie changu." Akamsukumia kikombe. Kisha, baada ya muda, kwa sauti ambayo Siwatu hakuwahi kuisikia kwake: "Mtoto alikuwa wa kike?"

"Wa kike."

Bi Time akajilaza, akageukia ukuta. "Mwambie Zamzam... Basi, usimwambie kitu. Nenda, mwanangu. Niache nilale."

Siwatu alirudi darajani. Mashua za mwani zilipita chini yake zimejaa kijani, na mbele yake nguzo za mji zilisimama majini kama miguu ya ng'ombe waliokwenda kunywa. Alijiuliza jambo moja mara nyingi: nani kakupa wewe, Siwatu, haki ya kuwarudishia watu elfu mbili maumivu? Wengine watakulaani. Wengine wana migongo iliyopinda, wana magoti yaliyokwisha, nao watalia. Swali lenyewe lilikuwa bovu. Haki ya kuwarudishia hakuwa nayo. Lakini na haki ya kuendelea kuwanyamazisha hakuwa nayo pia, na hiyo ameitumia miaka saba, tone kwa tone, akisema ahsante bwana mkubwa.

* * *

Siku ya tatu alfajiri alikamua wadunga kumi na wawili. Akatia sumu yao katika kichupa kimoja, akaivusha daraja mwenyewe, akamkabidhi muuguzi wa wodi mkononi. Vitanda arobaini havikuhitaji zaidi ya hapo. Kisha akarudi, akafuta koleo lake, akaliweka juu ya meza, akasimama juu ya kreti.

Saa mbili kasoro robo, zamu mbili hupishana ndani ya ukumbi wa matangi. Watu kama mia tatu walimkuta amesimama pale, mikono kaning'iniza, nao wakasimama, maana hawakuwahi kumwona mkamuaji bila koleo.

"Jamani," alisema. Hakuwa mzoefu wa kuhutubia, akaanza upya. "Jamani, mnamjua mdogo wangu Zamzam. Mtoto wake alimfia tumboni hapa hapa, amekaa kwenye kreti hii, anacheka. Hakujua. Daktari anasema huyo ni wa tatu. Basi mimi kuanzia leo simkamulii mtu asiyeniomba. Anayetaka dawa aje ataje jina lake, aseme naitaka, nami nitamkamulia hata kama ni kila siku, na sitamuuliza sababu. Asiyesema, chupa yake itakauka mwezi huu."

Kelele zikazuka. Mkata mwani mmoja mnene akainua mkono wenye vidole vitatu. "Mimi sitaki kuumwa! Nina mgongo mbovu tangu mwaka juzi."

"Umesema. Jina lako?"

"Kombo Shaame."

"Nitakukamulia, Kombo."

Yule bwana akashusha mkono, akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi akaukosa. Mwanamke mmoja nyuma akauliza kama ni kweli wa tatu, na hao wawili walikuwa nani. Mtu akataja jina. Mtu mwingine akataja la pili. Ukumbi ukaanza kunong'ona namna nyingine.

Hapo Mkurugenzi Lwitiko akaingia. Alikuja na walinzi wawili, lakini aliwaacha mlangoni, kwa maana aliamini watu wake wangemsikiliza yeye.

"Siwatu, shuka."

"Sishuki."

"Nakuamuru ukamue."

"Nimekwisha kukamua. Kumi na wawili, kwa ajili ya walioomba. Dawa yao imefika wodini na saa hii wanaitumia. Ulisema wote au hakuna. Huo ulikuwa uongo, na mimi niliuamini kwa usiku mmoja mzima."

Watu wakaguna. Lwitiko alivuta pumzi, akawageukia. "Ndugu zangu, dada yetu ana msiba, tumsamehe. Lakini asiwatishe kwamba kazi hii ni siri ya mtu mmoja. Kukamua si uchawi." Akavaa glavu iliyokuwa mezani, akaenda kwenye tangi la kwanza, akazamisha mkono na kumtoa mdunga mkubwa kuliko wote, akamwinua juu watu wamwone.

Siwatu akaruka kutoka kwenye kreti. "Mrudishe! Mkurugenzi, mrudishe majini, huyo hawindi, huyo umemtisha!"

"Nimemshika upande mnene, mdomo uko huku."

"Mkonga wake unafika popote!"

"Unaona mnavyotishwa?" Lwitiko aliwaambia watu, mdunga mkononi. "Miaka kumi nimeishi na ninyi hapa. Hakuna hata mmoja wenu aliyelala akilia. Nani huko bara anaweza kusema hivyo? Mama zenu wanaweza? Mimi..."

Siwatu aliuona. Uzi mweupe, mfupi kama unywele wa mzee, umesimama kwenye glavu chini ya kidole gumba.

"Umedungwa," alisema.

Lwitiko akatazama mkono wake. Akatabasamu kwa huruma ya kweli. "Siumwi, Siwatu."

"Huwezi kuumwa! Una kitulizi! Mweke chini huyo, lala, usitembee..."

"Siumwi mahali," alirudia kwa sauti kubwa, watu wasikie. Akapiga hatua moja kuelekea kwao. Akasema neno jingine, na lile neno likatoka limevimba, kama la mtu mwenye kiazi mdomoni. Akashangaa. Akajaribu tena. Kope zake zikashuka zenyewe, mdunga akamponyoka akaanguka sakafuni, na Mkurugenzi akamfuata, magoti kwanza.

Kwa muda wa pumzi moja hakuna aliyejongea. Siwatu alisimama juu yake, na katika pumzi ile alimwona Zamzam kwenye kreti, aliona ripoti tatu, aliona kila kitu alichotaka kukiona. Kisha akavua mtandio wake, akaufunga mkono ule kutoka vidoleni hadi begani, akaukaza kwa nguvu zote.

"Mwiteni daktari! Puto la kupumulia, lile jekundu ukutani! Wewe Kombo, mshike kichwa, kiinue kidevu hivi!"

Zahanati ya Nguzo-Mia haikuwa na mashine ya kupumulia. Gari la wagonjwa lilikuwa bara, na daraja lilikuwa limefunguliwa kupisha meli. Kwa muda wa saa moja na nusu Siwatu alibana puto lile, akaachia, akabana, na mikono ilipomuuma alimpa Kombo, na Kombo, ambaye mikono yake haikumuuma, alikuwa akibana kwa kasi mno mpaka akaelekezwa kuhesabu. Macho ya Lwitiko yalikuwa yamefungwa. Lakini Siwatu alijua habari za sumu ile. Inalegeza mwili na kuiacha akili wazi.

"Najua unasikia," alimwambia sikioni, akibana. "Hutakufa. Itapita kabla ya kesho. Sisi tunakupumulia. Usiogope."

Wakati huo watu wakapisha njia, na Zamzam akapita katikati yao. Alikuwa amevaa gauni la zahanati, kashika ukuta, kisha kashika bega la mtu, kisha la mwingine. Daktari Hidaya alikuwa nyuma yake akimkataza. Zamzam alipofika kwenye duara aligeuka akamtazama daktari.

"Mimi Zamzam binti Faki," alisema. "Naomba kitulizi changu kitolewe. Nasema mwenyewe, kwa kinywa changu, watu wote wananisikia."

"Mwanangu, kibali..."

"Mwenye kibali huyo amelala. Anayempa pumzi ni dada yangu. Kitoe."

Daktari Hidaya alimtazama mtu aliyelala sakafuni, akatazama mikono iliyokuwa ikibana puto. Akafungua mkoba wake. Kazi haikuchukua dakika moja: pamba, sindano, kichupa kikafyonzwa dawa yote, kikabaki kitupu chini ya ngozi. Zamzam hakukunja hata uso, bado hakuwa na cha kukunjia. Alipoinuka, mwanamke mwingine alikuwa amekwisha kujipanga nyuma yake, ushungi kaufunua, shingo tayari. Na nyuma ya huyo, mwanamume. Na nyuma yake wengine.

Gari la wagonjwa lilipofika, Siwatu aliingia ndani yake akiwa bado anabana. Mlinzi mmoja alikuwa palepale mlangoni, mwenzake alikuwa ndani ya foleni.

* * *

Lwitiko alianza kupumua mwenyewe usiku ule, na asubuhi aliomba kumwona Siwatu. Siwatu alimkuta ameegemezwa kwa mito miwili, macho mekundu, mkono umevimba.

"Nilisikia kila kitu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Na foleni niliisikia. Wamefika wangapi?"

"Mia moja na sita mpaka nilipoondoka. Daktari ameishiwa pamba."

"Na walioomba kubaki?"

"Sitini. Nitawakamulia leo mchana."

Lwitiko akageukia dirisha. "Shirika litakushitaki. Sitaweza kulizuia, na sijui kama nataka kulizuia. Bado nasema umekosea, Siwatu. Kuna watu watalia kwa sababu yako."

"Watalia. Na kuna watoto watazaliwa."

"Mimi changu nitabaki nacho."

"Kaa nacho," alisema Siwatu. "Umesema mwenyewe." Akamwandika wa sitini na moja kwenye karatasi yake ya majina, iliyoanza na Kombo Shaame, mbele ya macho yake, akampa mkono wa buriani. Lwitiko aliupokea, kwa mkono ule mzima.

Alipita wodi ya saratani. Bi Time alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi, kikombe cha uji kimejaa vilevile pembeni. Siwatu alimfunika miguu akaenda zake.

Alipofungua mlango wa chumba chao Nguzo-Mia, alisikia sauti ambayo haikuwahi kusikika katika jengo lile. Zamzam alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, anagumia. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yamekuja.

"Dada." Jasho lilimtiririka usoni. "Nini hii? Ni kama mawe. Ni kama mtu kanitia moto ndani. Huwa ni hivi?"

"Ni maziwa. Yamejaa, na hayana..." Siwatu alipiga magoti, akamshika mikono, na mikono ya Zamzam ikambana hadi mifupa ikalia. Mshono wa tumbo nao ulikuwa umeamka. Zamzam akaachia ukelele mmoja mrefu, uliokwenda ukapita ukuta, ukapita ngazi, na milango ikasikika ikifunguka ghorofa ya chini.

Siwatu alivumilia mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alisimama, akakimbilia kabati. Alikuwa na kichupa kimoja cha akiba, tone la mdunga wa tangi la tisa. Akavuta dawa kwa sindano. Alikuwa mtu wa maumivu maisha yake yote, lakini kuyatazama kwa mdogo wake kulimshinda.

"Kidogo tu," alisema. "Kidogo, upate kulala. Nikutie?"

Zamzam alikuwa ameinama, mikono miwili kifuani, anapumua huku ameuma meno. Aliinua uso. Machozi yalikuwa yamemlowesha hadi shingoni, na macho yake yalikuwa makali kama ya mtu aliyekamata mwizi.

"Weka chini."

"Zamzam..."

"Siku ile nilikaa mbele yako nacheka, dada. Anakufa, mimi nacheka." Wimbi jingine likampanda, akalingoja, akalipitisha, akatwaa pumzi. "Uchungu huu ni wake. Nilitakiwa kuupata siku ile. Usiuguse."

Siwatu akaweka sindano chini. Akakaa ubavuni mwake, bega kwa bega, akaanza kumkamua maziwa kwa kiganja, taratibu, ndani ya bakuli, huku Zamzam akilia kwa sauti yake yote. Nje ya mlango wanawake wa ghorofa ya chini walikuwa wamefika. Hawakubisha hodi. Walivua viatu, wakaingia mmoja mmoja, wakakaa sakafuni kumzunguka.